UCHAMBUZI: Ruzuku ya Mbolea, Mageuzi Yatakayoufikisha Mfuko Shambani kwa Wakati

Tarehe 8 Agosti, 2022, katika kilele cha maadhimisho ya Nane Nane yaliyofanyika kitaifa jijini Mbeya, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea kwa wakulima nchini. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP au UREA, uliokuwa ukiuzwa kwa zaidi ya shilingi 120,000, ulipangiwa kumfikia mkulima kwa shilingi 70,000.

Uamuzi huo uliwagusa wananchi wengi. Takriban theluthi mbili ya Watanzania wanategemea kilimo kuendesha maisha yao, na sekta hiyo huchangia takriban robo ya pato la Taifa. Misimu kadhaa baada ya uzinduzi, haja ya ruzuku yenyewe haibishaniwi sana. Linalojadiliwa sasa ni namna ya kuiboresha ili kila shilingi ya umma iliyowekwa katika mfuko wa mbolea ionekane katika gunia la mavuno.

Chimbuko la mpango

Tanzania huagiza sehemu kubwa ya mbolea yake kutoka nje ya nchi, hivyo mtikisiko wowote katika soko la dunia humfikia mkulima wa Mbozi, Namtumbo au Sumbawanga. Mwaka 2020 tani moja ya UREA ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 300 za Marekani katika soko la dunia. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ilivuka dola 800. Sababu zilikuwa kadhaa kwa wakati mmoja. Bei ya gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi kuu ya UREA, ilipanda barani Ulaya, China ikapunguza mauzo ya mbolea nje ya nchi yake, na mwezi Februari 2022 vita vilizuka kati ya Urusi na Ukraine. Urusi na jirani yake Belarus ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani.

Kwa mkulima mdogo maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ushauri uliozoeleka kwa zao la mahindi ni mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia na mfuko mmoja wa mbolea ya kukuzia kwa kila ekari. Kwa bei ya soko ya wakati huo, mkulima wa ekari mbili alihitaji karibu shilingi nusu milioni kwa ajili ya mbolea pekee, kabla hajanunua mbegu wala kulipa kibarua. Wengi wangepanda bila mbolea, na Taifa lingevuna upungufu wa chakula mwaka uliofuata. Kwa bei ya ruzuku, mkulima huyo alihitaji shilingi 280,000.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Ruzuku ya mbolea si jambo geni nchini. Ilikuwapo kwa miaka mingi kabla ya mageuzi ya kiuchumi ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo yaliiondoa hatua kwa hatua. Matumizi ya mbolea yalishuka, hasa katika maeneo yaliyo mbali na bandari ambako gharama za usafiri ni kubwa. Katika msimu wa 2003/2004 Serikali ilirejesha ruzuku kwa sura nyingine, safari hii kwa kugharamia sehemu ya usafirishaji.

Hatua kubwa zaidi ilifuata mwaka 2008 kupitia mfumo wa vocha za pembejeo, baada ya majaribio katika wilaya chache. Mfumo huo ulilenga kuzifikia kaya milioni 2.5 za wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, kila kaya kwa misimu mitatu. Vocha zilimwezesha mkulima kupata mbegu bora, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia kwa takriban nusu ya bei, kiasi kinachotosha ekari moja. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopendekeza wanufaika, na wakala wa pembejeo alipokea vocha pamoja na fedha ya mkulima kisha akailipisha benki.

Mfumo wa vocha uliongeza mavuno na ukaeneza mtandao wa mawakala wa pembejeo hadi vijijini. Hata hivyo, uliacha mafunzo matatu ambayo hayapaswi kusahaulika. La kwanza ni kwamba vocha zilizochelewa kufika hazikuwa na faida, kwa kuwa mbolea ya kupandia haisubiri kikao. La pili ni kwamba mkulima maskini kabisa alishindwa kuchangia nusu yake, akaiuza vocha au akaisaini kwa malipo kidogo na kuiachia kwa mwingine. La tatu ni kwamba karatasi inayopita mikono mingi, kutoka Wizarani hadi mkoani, wilayani, katani na kijijini, hufungua mianya ya udanganyifu kila inapokabidhiwa.

Mfumo wa sasa unavyofanya kazi

Mpango ulioanza mwaka 2022 ulijengwa kwa kuzingatia mafunzo hayo. Karatasi imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mfumo wa kidijitali unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), taasisi iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Mkulima husajiliwa kijijini kwake kwa kutaja eneo la shamba na mazao anayolima, kisha hupewa namba ya utambulisho. Akifika kwa wakala aliyesajiliwa, namba hiyo huhakikiwa katika mfumo, mfuko husomwa kwa alama yake maalumu, naye hulipa bei ya ruzuku. Serikali hulipa sehemu iliyobaki kwa kampuni iliyoingiza au kuzalisha mbolea baada ya mauzo kuthibitishwa.

Tofauti na mfumo wa vocha ni kubwa. Hapo awali kaya chache ziliteuliwa. Sasa mkulima yeyote aliyesajiliwa anastahili, na kiasi anachopata kinategemea ukubwa wa shamba lake. Hapo awali mtu alithibitishwa kwa saini. Sasa kila mfuko unaacha alama katika mfumo, na inawezekana kujua uliuzwa lini, wapi na kwa nani.

Sambamba na hilo, bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/2022 hadi shilingi trilioni 1.249 mwaka 2024/2025, na katika msimu huo wa 2024/2025 ruzuku iliongezwa kwa mbegu za mahindi. Mwaka 2022 Serikali ilianza pia kusambaza pikipiki 7,000 kwa Maafisa Ugani ili wawafikie wakulima mashambani. Matumizi ya mbolea nchini yamepanda kutoka takriban tani 360,000 msimu wa 2021/2022 hadi zaidi ya tani 800,000 msimu wa 2023/2024. Ongezeko la namna hiyo ndani ya misimu miwili ni kubwa kwa kipimo chochote, ingawa sehemu yake inatokana pia na bei ya dunia iliyoanza kushuka mwaka 2023.

Hoja ya kwanza: gharama na ukomo wake

Mafanikio ya mpango huu ndiyo yanayouletea swali la kwanza. Katika bei za mwaka 2022, Serikali ilibeba zaidi ya shilingi 50,000 kwa kila mfuko wa DAP au UREA. Kwa kiwango hicho, shilingi bilioni 150 zinatosha mifuko isiyozidi milioni tatu, sawa na tani 150,000. Kadiri wakulima wengi wanavyojisajili na kununua, ndivyo deni la Serikali kwa kampuni linavyokua. Malipo yakichelewa, kampuni hukosa mtaji wa kuagiza shehena ya msimu unaofuata, na anayeumia mwishoni ni mkulima yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Zipo njia mbili za kulishughulikia jambo hili. Ya kwanza ni kuweka ukomo ulio wazi wa eneo linalopata ruzuku kwa kila mkulima, ili mwenye ekari mia asinufaike mara hamsini zaidi ya mwenye ekari mbili. Ya pili ni kuifanya ruzuku iende na bei ya soko, ipande dunia inapopanda na ipungue dunia inapotulia, badala ya kuwa kiasi kilekile kila mwaka. Njia zote mbili zinahitaji daftari la wakulima lililo sahihi. Mkulima anayeandikisha ekari kumi ilhali analima tatu hupotosha hesabu ya Taifa zima, kwa kuwa mbolea inayozidi mahitaji ya shamba lake ndiyo inayotafuta njia ya magendo kuvuka mpaka.

Hoja ya pili: muda na umbali

Msimu wa kwanza wa mpango ulishuhudia foleni ndefu katika vituo vya mauzo, hususan katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ambako mahitaji ni makubwa. Wapo wakulima waliosafiri umbali mrefu hadi makao makuu ya wilaya, wakalala huko, na nauli ikala sehemu ya unafuu waliopewa. Mkulima anayeokoa shilingi 50,000 katika mfuko kisha akatumia 20,000 kuufuata, ruzuku yake halisi ni 30,000.

Suluhisho lililoanza kutekelezwa ni kuvitumia Vyama vya Ushirika vya Msingi kama vituo vya mauzo na kuzitaka kampuni kusogeza mbolea katika ngazi za chini. Hatua hiyo inahitaji kuendelezwa, na kinachoikwamisha mara nyingi ni hesabu ya wakala. Wakala wa kijijini huuza mifuko michache, hana mtaji wa kununua shehena nzima, na faida yake kwa kila mfuko ni ndogo. Endapo malipo yake hayatazingatia umbali wa kituo chake, atabaki mjini, na mkulima ataendelea kumfuata huko.

Muda nao una uzito wake. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Mbeya, Njombe, Ruvuma na Rukwa, huanza kupanda kati ya Novemba na Desemba. Mikoa ya kaskazini yenye vuli na masika ina kalenda nyingine. Meli huchukua wiki kadhaa kutoka bandari ya nje hadi Dar es Salaam, na mbolea huchukua muda zaidi kufika Songea au Mpanda. Kwa hiyo mbolea ya Novemba huamuliwa katikati ya mwaka, wakati bajeti mpya ya Serikali ndiyo kwanza imeanza kutumika. Mfumo wa ununuzi wa mbolea kwa pamoja, ulioanza mwaka 2017 ili kupunguza gharama kwa kuagiza shehena kubwa, utakuwa na tija kamili pale tu ratiba yake itakapofuata kalenda ya mvua.

Hoja ya tatu: udongo unaopokea mbolea

Hoja hii husikika mara chache, nayo huenda ndiyo nzito kuliko zote. Mfuko mmoja wa UREA wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Katika shamba lenye udongo mzuri, mbegu bora na palizi ya wakati, kilo moja ya naitrojeni inaweza kuongeza mavuno kwa kilo 15 za mahindi, hivyo mfuko mzima huongeza kilo 345. Katika udongo uliochoka au wenye tindikali nyingi, ongezeko linaweza kushuka hadi kilo nane, na mfuko uleule ukatoa kilo 184 tu.

Kwa mfano wa bei ya shilingi 500 kwa kilo ya mahindi, mkulima wa kwanza anapata nyongeza ya shilingi 172,500. Huyu atanunua mbolea hata kwa bei kamili ya soko ya mwaka 2022, na bado atabaki na kitu. Mkulima wa pili anapata nyongeza ya shilingi 92,000. Kwa bei ya ruzuku ya shilingi 70,000 anabakiwa na shilingi 22,000. Kwa bei ya soko ya zaidi ya shilingi 120,000, anapata hasara.

Hesabu hiyo inaonesha kwa nini nchi nyingi hushindwa kuondoka katika ruzuku mara zinapoianza. Ruzuku huficha ugonjwa wa udongo bila kuutibu. Siku inapopunguzwa, mkulima wa udongo dhaifu huacha mbolea mara moja, naye hawezi kulaumiwa kwa kuwa hesabu haimlipi. Kumbe fedha iliyowekwa katika kupima udongo, kusambaza chokaa ya kilimo panapohitajika, kuhimiza samadi na kubadilisha mazao, ndiyo inayomwandaa mkulima kusimama mwenyewe.

Msingi wa kazi hiyo upo. Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimebobea katika utafiti wa udongo, na vifaa vya kupima afya ya udongo vimesambazwa katika halmashauri. Mageuzi yanayohitajika ni kuunganisha mambo mawili ambayo kwa sasa yanakwenda sambamba bila kukutana, yaani usajili wa ruzuku na matokeo ya kipimo cha udongo. Mkulima anapokwenda kwa wakala, mfumo unaomtambua kwa namba yake ungeweza pia kumweleza ni mbolea ipi inalifaa shamba lake. Kwa sasa wengi hununua kwa mazoea, na DAP huwekwa hata mahali ambapo udongo unalilia chokaa kwanza.

Yanayojiri kwa nchi nyingine

Tanzania haiko peke yake katika safari hii. Malawi ilianzisha mpango mkubwa wa ruzuku katika msimu wa 2005/2006 baada ya njaa, mavuno yakaongezeka, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya bajeti ya kilimo imeishia katika ruzuku na kuacha kidogo kwa umwagiliaji, utafiti na ugani. Nigeria mwaka 2012 iliacha ununuzi wa mbolea wa serikali na kuanza kuwatumia wakulima vocha kupitia simu za mkononi, hatua iliyopunguza mikono ya kati. Rwanda mwaka 2017 ilianza kutumia mfumo wa kidijitali katika usajili wa wakulima na usambazaji wa pembejeo za ruzuku.

Nchini Kenya, bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa mwaka 2022 kutoka shilingi 6,500 za nchi hiyo hadi 3,500, na mwaka uliofuata hadi 2,500. Lakini mwaka 2024 ilibainika kuwa mbolea isiyo na ubora ilikuwa imewafikia baadhi ya wakulima kupitia mpango huo, na serikali ikalazimika kuwafidia. Mkulima aliyedanganywa msimu mmoja hupoteza mavuno ya mwaka, na imani yake huchukua miaka kurejea. Kwa sababu hiyo, kazi ya TFRA ya kukagua ubora bandarini, ghalani na dukani ni sehemu ya ruzuku yenyewe.

Uzalishaji wa ndani

Ruzuku yoyote inayotegemea meli itaendelea kutegemea hali ya dunia. Historia inakumbusha kuwa nchi iliwahi kuwa na kiwanda cha mbolea jijini Tanga kabla hakijafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo kipo kiwanda cha Minjingu mkoani Manyara kinachotumia miamba ya fosfeti ya hapa hapa nchini, na kiwanda cha Itracom jijini Dodoma kinachozalisha mbolea inayochanganya malighafi za asili na za viwandani. Gesi asilia ya Lindi na Mtwara nayo inaiweka Tanzania katika nafasi ya kuzalisha UREA yake yenyewe siku uwekezaji utakapokamilika. Ruzuku inaweza kuharakisha safari hiyo endapo itahakikisha kuwa mbolea ya ndani yenye ubora unaolingana inapata nafasi sawa katika mfumo na ile inayoagizwa.

Wajibu wa mwananchi

Mageuzi haya hayatafanikiwa kwa maagizo ya ofisini pekee. Mkulima anapaswa kuhuisha taarifa zake katika daftari la kijiji kabla ya msimu kuanza, na kutaja ukubwa halisi wa shamba lake. Namba yake ya utambulisho ni mali yake. Kumpa mtu mwingine aitumie ni kumpa fedha ya umma asiyostahili, na mara nyingi mwenye namba hugundua siku ya kununua kwamba mgao wake umekwisha kuchukuliwa. Anunue kwa wakala aliyesajiliwa, adai stakabadhi, na aangalie kama mfuko umefungwa vema na una alama yake. Akitozwa zaidi ya bei iliyotangazwa au akitilia shaka ubora, atoe taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji, Afisa Ugani au TFRA, wakati mfuko bado upo na ushahidi haujamwagwa shambani.

Kwa upande wao, viongozi wa vijiji na kata wana wajibu wa kubandika orodha za waliosajiliwa mahali pa wazi. Jirani ndiye anayejua nani analima na nani halimi, na orodha inayosomwa na wote ni vigumu kuingiza mkulima hewa.

Katika Azimio la Abuja la mwaka 2006, nchi za Afrika zilikubaliana kufikia wastani wa kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mfuko mmoja wa DAP na mmoja wa UREA, ukijumlisha virutubisho vyake, unatoa kilo 55. Kwa maneno mengine, mifuko miwili kwa hekta, sawa na chini ya mfuko mmoja kwa ekari, inatosha kuvuka lengo ambalo bara zima limelifuata kwa karibu miongo miwili. Bei ya mifuko hiyo imekwisha kusogezwa karibu na uwezo wa mkulima. Kazi iliyobaki ni kuisogeza mifuko yenyewe karibu na shamba, kabla ya mvua ya kwanza, na kuuandaa udongo uipokee.